Fungua, Mama Eliza: tulivyoupeleka wimbo wetu Kolwezi

Ninyi nyote mliotumiwa ile video ya Kolwezi, kila mmoja amenijia na maneno yake. Mmoja anasema tulipigana jukwaani. Mwingine anasema Désiré alikuwa amelewa. Jirani yangu hapa Bel-Air, Lubumbashi, mtu ninayemheshimu, ameapa mbele ya watoto wake kwamba tulimkodi mwanamke aje atutukane ili tujulikane. Basi kaeni. Nimeshaoga vumbi, nimelala, hasira bado ipo lakini mkono umetulia. Nitasimulia mara moja tu, na atakayerudi tena na maneno ya kuokota barabarani atanikuta nimefunga geti.

Kwanza mjue tulikuwa tunaenda kufanya nini. Mimi na Désiré tulikua Kambove, nyumba zetu zikitazamana. Baba yangu alikuwa mwalimu, mtu wa Kasai. Mama yake Désiré, Mama Eliza, alikuwa mjane, anauza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, mbele ya mlango wake. Tulipokuwa sekondari tulianzisha kikundi cha watu wawili: mimi gitaa, yeye sauti. Tulikiita Kiti Kimoja kwa sababu Mama Eliza alikubali kutuazima kiti kimoja tu, vingine vilikuwa vya wateja. Wimbo wetu wa kwanza ulimhusu yeye. Désiré alikuwa na tabia ya kuchelewa kurudi nyumbani, na mama yake alikuwa na tabia ya kutomfungulia. Ndivyo wimbo ulivyopatikana: mtoto yuko nje, anagonga, anabembeleza, "Fungua, Mama Eliza," na ndani kimya. Mwenyewe alijifanya haupendi, ila tulimsikia akiuimba peke yake akichuja munkoyo.

Redio moja ndogo ya Likasi ilitunasa kwenye kaseti, tukajiona tumefika. Halafu mimi nikaja Lubumbashi kutafuta muziki mkubwa, Désiré akabaki, akaingia mashimoni na wachimba madini wa mikono. Miaka ikapita. Mwaka huu mtu tusiyemjua aliitoa ile kaseti alikokuwa ameificha, akaitia kwenye simu, na watu wakaanza kutumiana. Vijana ambao hawajawahi kuona kaseti wakawa wananiandikia. Tukakiamsha Kiti Kimoja, tukaanza kufanya mazoezi kila nilipopata njia ya kufika Kambove.

Kumbe Kolwezi kuna kijana mwimbaji ameshauchukua wimbo wetu. Anauita "Eliza Fungua". Ameondoa neno mama, ameongeza ngoma za kompyuta, na kwake yeye Eliza ni msichana aliyejifungia chumba cha hoteli baada ya kugombana na mpenzi wake. Mama Eliza, hoteli! Nilimpigia yule anayemsimamia, bwana mmoja wanayemwita Directeur Guy. Hakubisha, hakuomba radhi. Aliniambia tu: "Mama, Jumamosi niko na concert. Mukuye bote babili, muimbe, bantu basikie beo benyewe. Mukikosa, kijana ataimba vile anaimbaka, na palabre ya wimbo inaisha."

Bote babili. Akitokea mmoja wetu tu, wimbo umekwenda. Safari yote ilikuwa ya hilo.

Kutoka Bel-Air: foleni

Alhamisi asubuhi nilipanda lori la Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo anayepeleka maharage na mafuta ya kula Likasi na Kolwezi. Ni mtu mwema. Gitaa langu hakulitupa nyuma na magunia, alilikalisha katikati yetu kama abiria wa tatu. Lakini kwake gitaa ni kitu cha kanisani, basi.

"Mama Béa," akaniuliza tulipotoka mjini, "unamupigiaka Bwana mu kwaya gani?"

"Siko tena mu kwaya, Papa. Niko napiga za kwangu."

Tulifika kizuizi cha ushuru wa barabara, akalipa, akahesabu chenji.

"Za kwako zinaongeleaka nini?"

"Mlango."

"Mlango ya mbinguni?"

"Mlango ya Mama Eliza."

Akashusha pumzi, akawasha nyimbo za kwaya, akaongeza sauti.

Mbele kidogo tukasimama. Lori la madini lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara, na nyuma yake foleni ambayo sikuona kichwa chake. Jua likapanda, likasimama juu yetu, likaanza kushuka. Walipofungua upenyo mmoja, askari wa barabarani walipitisha kwanza malori ya shaba, moja baada ya jingine, yote, hata yaliyokuja baada yetu. Mama mmoja mwenye mgonjwa ndani ya gari dogo alishuka, akaenda kusema nao, akarudi akalia kwenye usukani. Papa Kambale alitoa maandazi yaliyofungwa kwenye gazeti, akampelekea nusu. Mimi nilishuka nikapiga kelele mpaka askari akaniuliza nimetumwa na chama gani.

Kwa sababu hatukuwa na pa kwenda, Papa Kambale akauliza tena: kwa nini niliacha kwaya? Nikamweleza, na ninyi nawaeleza, maana wengi mnadhani nimekuwa mwanamuziki wa kuhamahama kwa tabia mbaya.

Kwaya niliacha kwa sababu mchungaji aliona mkanda wa gitaa unapita kifuani na unawasumbua ndugu. Ndugu hawakuambiwa wafumbe macho. Mimi nikapewa kayamba. Nikatoka, nikaingia orkestra moja ya baa huku Kampemba. Kiongozi wake, mpiga solo mkubwa kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa akinipa nafasi ya kupiga, halafu anasogea nyuma na kupunguza sauti ya gitaa langu kwa kisigino, kwenye kile kisanduku cha chini, huku anatabasamu kwa watu. Nilifikiri ni waya mbovu. Nilibadilisha waya mara nyingi mimi mjinga! Siku nilipomwona kwa macho nilimmwagia bia kwenye kisanduku, na huo ukawa mwisho. Kisha nikapiga hoteli moja ya Karavia, na sare, na viatu vya kubana. Pale hakuna aliyenidhulumu. Ila kila jioni meneja alikuja na karatasi ya mezani ameandika "taratibu zaidi", mpaka nikawa napiga kwa namna ambayo mimi mwenyewe sijisikii. Nikasema kama ni kunyamaza, naweza kunyamaza nyumbani.

"Kwa hiyo unarudi kwa huyo mwenzako wa zamani," Papa Kambale akasema.

"Huyo hajawahi kunipunguzia sauti."

Akafikiri. "Ni neno ya kweli," akasema, akaizima kwaya yake. Foleni ikaanza kutambaa.

Likasi: samaki mdogo na tusi kubwa

Tulifika Likasi tumepauka kwa vumbi. Nilikuwa nimempigia Désiré njia nzima, simu imezimwa. Nilianza kumsemea moyoni maneno ambayo sasa siwezi kuyaandika.

Tulikula kwa mama mmoja mwenye meza chini ya turubai. Bukari, ule ugali wetu, nzuri, sombe ya majani ya muhogo nzuri, samaki mdogo hata paka angeomba mwingine. Simu yake ilikuwa inaimba mezani, na ilikuwa inaimba sisi. Si kijana wa Kolwezi: sisi, ile kaseti, na mikwaruzo yake. Nilisahau samaki.

"Mama, iyi wimbo iko yangu."

Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. "Weye? Aka! Iyi iko ya kijana wa Kolwezi. Alibadirisha tu sauti."

"Ni miye niko napiga iyo gitaa!"

"Basi piga."

Nikalitoa gitaa, na mafuta ya sombe mikononi, nikapiga. Nikaimba na sehemu ya Désiré, ambayo si ya sauti yangu. Watu wa meza nyingine wakageuka. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, mkono shavuni.

"Ni muzuri," akasema. "Lakini yule kijana njo anaimba muzuri zaidi. Niongeze sombe?"

Papa Kambale alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai. Mimi nilikataa sombe. Baadaye njaa ilinifundisha adabu.

Tukapatana hivi: yeye atabaki Likasi kushusha maharage, na Jumamosi asubuhi atatukuta mimi na Désiré kwenye njia panda ya Kambove atupeleke Kolwezi. Nilijua kwamba Ijumaa nzima itakuwa ya mazoezi. Nilijua hivyo kwa uhakika kabisa.

Kambove: mwanamke wa kitenge cha kijani

Ijumaa nilichukua pikipiki. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumtukania Désiré kwa sababu ya simu, yamekaa sawasawa mdomoni. Tulipoingia mtaa wetu niliona watu wengi mbele ya nyumba ya Mama Eliza, na nikafikiri, munkoyo wa leo umetoka vizuri.

Kijiti kilikuwa kimelazwa katikati ya njia kama kizuizi. Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye kitenge cha kijani cha Mama Eliza, kitambaa cha kichwa cha Mama Eliza, na mwiko mkubwa begani kama bunduki. Kwa kitambo nilidhani ni yeye. Ila Mama Eliza alikuwa mdogo wa mwili, na huyu mabega yake yalijaza njia.

"Simama! Weye nani unaingia ku kilio na katoto ka mbao?"

Neno kilio nililisikia, lakini halikuingia. Kabla sijajibu alishanivua gitaa, akainama, akaliweka mgongoni, akalifunga kwa kitenge kama mtoto, akaanza kulibembeleza kwa kupiga-piga matako yake, nyuzi zikilia. Watu wakacheka. Watu waliokaa kwenye mikeka, wenye macho mekundu ya kulia, wakacheka.

"Nirudishie!" nikasema. "Nirudishie kitu yangu! Ni wazimu gani huu?"

Kicheko kikakatika. Hapo nikamwona Désiré ameketi chini, miguu mitupu, na nikaelewa ni kilio cha nani.

Mama Eliza alikuwa amefariki Alhamisi alfajiri, sisi tukijiandaa kupanda lori. Presha, walisema. Simu ya Désiré ilizimika kwa kukosa umeme, na hakuna aliyekuwa na namba yangu kichwani. Nilisimama pale na hasira yangu yote niliyoipanga, haina pa kwenda, na mwanamke mnene anazunguka na gitaa langu mgongoni akiimba kwamba mtoto wake ana njaa.

Kwa ninyi mliokulia mjini, ambao msiba kwenu ni viti vya plastiki na mtu wa kipaza sauti, nieleze. Mama Eliza alikuwa mtu wa ukoo wa Mbuzi. Ukoo wa Chui ni banungwe wao, watani wao tangu mababu. Mtu wa Mbuzi akifa, watu wa Chui ndio wanaoosha maiti na kuchimba kaburi, na kazi hiyo nzito inawapa ruhusa ya ajabu: wanavaa nguo za marehemu, wanamwigiza anavyotembea na anavyosema, wanawasimanga wafiwa, wanateka vitu vya watu. Na mpaka kilio kifungwe hakuna anayeruhusiwa kuwakasirikia. Nilikuwa nimeyaona utotoni, kwa mbali, kwa watu wengine. Sasa nilikuwa ndani, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kukasirika.

Mjomba wake Désiré, mzee mfupi mpole, alinishika mkono akanikalisha. "Béa, mutoto yangu, munungwe bantu habamukasirikiaka. Akikuchokoza, ni juu uko mutu wa nyumba. Mugeni, angemuacha apite."

"Ni gitaa ya kazi, Mujomba. Kesho tuko na Kolwezi."

"Kesho hatuna Kolwezi," Désiré akasema bila kuinua kichwa.

Mwanamke yule, mtu wa Chui, aliitwa Mama Anto, na mchana ule sikuona cha kumpendea. Tulipotoka kwenda kuzika alitembea mbele ya jeneza na kikapu cha Mama Eliza kichwani, anatangaza munkoyo kwa sauti ya Mama Eliza, ile sauti nyembamba yenye kukoroma kidogo mwishoni, sawasawa kabisa. Kaburini alimwambia mjomba asogee, shimo si lake, avute subira. Alimwambia Désiré alie kwa nguvu zaidi, mama yake alimnyonyesha miaka mingi na yeye analia kama anayelipa kwa shida. Désiré hakulia hata chozi moja. Alikuwa ametazama udongo. Nami moyoni nilikuwa nasema: huyu mwanamke hana aibu, hana Mungu, na nyuzi zangu zimelegea.

Jioni, tukila bukari ya msiba na mchicha wa lengalenga, nilimsogelea Désiré. Sikumwomba aje. Nilimweleza tu alichosema Directeur Guy.

"Béa, nitaimba vile namna gani? 'Fungua, Mama Eliza'? Na nimetoka kumufungia chini ya udongo?"

Mtoto wa kwanza hainuki mkekani mpaka kilio kifungwe Jumapili, hiyo ni sheria, wajomba wote walikuwa pale kuilinda. Nilimfikiria yule kijana na chumba chake cha hoteli. Kesho angeuimba mbele ya watu wote, na ukisha kuimbwa hivyo kwenye jukwaa lile haurudi tena Kambove. Nilikasirikia kifo chenyewe, ambacho ni upuuzi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sikujua kwamba Mama Anto alikuwa nyuma yangu anakula kwenye sahani yangu.

Njia panda: alivyotekwa Désiré

Asubuhi nilikuwa najiandaa kwenda njia panda kumwambia Papa Kambale aende zake. Mama Anto akatoka nyumbani, bado na kitenge cha kijani, bado na gitaa mgongoni. Akasimama katikati ya mikeka, akagonga sufuria kwa mwiko.

"Ba Mbuzi, musikilize! Miye niko naiba uyu kijana wenu. Niko namupeleka Kolwezi. Munamutaka? Mumukomboe!"

Akamkamata Désiré mkono, akamwinua kama unavyong'oa muhogo.

Wajomba walitazamana. Mmoja, yule mkali, alifungua mdomo. Mama Anto akamgeukia, akamwonyesha mwiko. "Unakasirika? Uko nakasirika, Papa? Sema, basikie!"

Angesema nini? Mwenye kumkasirikia mnungwe ndiye anayeaibika. Mdomo wa mjomba ukafungwa, kisha ukaanza kutetemeka, na mwisho akacheka kwa pua, akageuza uso. Yule mjomba mfupi akasema, "Mutuletee kesho, tuko na kilio ya kufunga." Désiré alitoka kwao miguu mitupu, anavutwa, na nina hakika alikuwa hajaamua lolote. Nilikimbia nyuma yao na viatu vyake mkononi.

Papa Kambale alipotuona njia panda hakuelewa anachokiona. Mfiwa, mimi, na mwanamke aliyevaa nguo za marehemu. Tulipomweleza aliondoa mikono kwenye usukani.

"Mama, hiyo ni zambi. Kuchekelea maiti!"

"Zambi ni kumuacha azikwe na bantu bamenyamaza," Mama Anto akajibu, akapanda. "Endesha, Butembo. Na hako katoto kasiguswe, kamelala."

Njia nzima alituzungumzia kwa sauti ya Mama Eliza. Alimgombeza Papa Kambale kwa kupita kwenye mashimo. Alimwuliza Désiré kama amenawa. Nilitaka kumwambia anyamaze, nikakumbuka, nikauma ulimi. Ilikuwa shida kubwa kuliko foleni. Karibu na Kolwezi alilifungua gitaa mgongoni, akanipa, akatazama nje. Nyuzi zote zilikuwa zimehama, nikazikaza kwenye mapaja yangu gari likiruka.

Kolwezi: mlango

Ukumbi ulikuwa umejaa mchana ule, vijana tupu. Directeur Guy alitutazama Désiré na mimi, akatazama vumbi letu, akauliza kama hatuna nguo nyingine. Nikamwambia tuna wimbo. Alitaka kijana wake aimbe kwanza toleo lake "kupasha moto". Nilisema hapana kwa namna ambayo walinzi waligeuka. Kijana mwenyewe, wa heshima kuliko bosi wake, akasema, "Waimbe bo kwanza. Mi nataka kusikia."

Mama Anto walimkataza kupita nyuma ya jukwaa. Akaenda kukaa katikati ya watu.

Tulianza. Gitaa peke yake, ule mzunguko mfupi wa mwanzo, na watu wakautambua, kelele ikapanda. Désiré akaimba ubeti wa kwanza vizuri. Sauti yake imeingia vumbi la mashimo, imekuwa nzito, lakini ni yeye. Akafika kwenye mlango. "Fungua," akaimba. "Fungua, Mama..."

Akakwama.

Nikarudia mzunguko. Nikaurudia tena. Alikuwa amesimama mkono umeinuliwa wa kugonga, hakuna sauti. Watu wakaanza kupiga miluzi. Nikamwona Directeur Guy pembeni anamsukuma kijana aingie, na kijana anakataa. Nilipiga mzunguko ule huku nikiwaza kwamba sasa basi, wimbo umekwenda, na mimi ndiye niliyemleta mfiwa azomewe.

Kutoka gizani katikati ya ukumbi ikaja sauti nyembamba, yenye kukoroma kidogo mwishoni.

"Sifungue! Ulale tu inje, musumbufu weye!"

Ukumbi wote uligeuka. Désiré aligeuka. Kitenge cha kijani kilikuwa kimesimama, mkono kiunoni, kidole juu.

"Ulikuwa wapi? Na nani? Chakula nililisha mbwa!"

Hicho ndicho mnachokiona kwenye video, na ndicho mnachokiita matusi. Walinzi wawili walimfuata kumtoa. Nami, ambaye tangu jana nilikuwa nikimwombea mwanamke yule apooze ulimi, nilijisikia nikipiga kelele kwenye kipaza sauti: "Mumuache! Ni munungwe yetu! Mumuache aseme!" Wale waliojua neno hilo wakaanza kucheka na kupiga makofi, na wasiojua wakaelezwa na wenzao, ikaenea safu kwa safu. Désiré alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akainama, na alipoinuka machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, machozi yote ambayo hakuyatoa kaburini, na akaimba. Hajawahi kuimba hivyo. Anabembeleza, Mama Anto anakataa. Anaapa hatarudia, Mama Anto anamkumbusha alivyoapa juzi. Mimi nilishika mzunguko wangu tu.

Kwenye kiitikio cha mwisho alipoimba "fungua", Mama Anto hakukataa. Alishusha kile kidole. Kisha akasema, polepole, hata si kwa nguvu:

"Ingia basi, mwana. Ni wazi."

Nilimaliza wimbo sioni nyuzi.

Yule kijana wa Kolwezi alikuja kutushika mikono. Alisema hatauimba tena, na mpaka leo hajauimba. Lakini Directeur Guy alikuja anang'aa.

"Mama, c'était magnifique! Ile truc ya mama kujibu, nani aliiwaza? Tunaifanya vile vile Lubumbashi, mu salle kubwa. Ajibu tu pale pale, na ile kulia, apunguze kidogo."

Nilimweleza kwamba Mama Eliza amekufa. Akauliza nani. Nikaeleza tena. Akasema, "Sawa, lakini anaweza kuya?" Niliondoka kabla mkono wangu haujafanya kitu.

Kurudi Kambove

Jumapili asubuhi Papa Kambale alituteremsha nyumbani, na hakuondoka. Aliketi mkekani na wajomba, kofia magotini. Kilio kilifungwa. Banungwe walifagia ua, wakazima moto wa msiba, wakamwagiwa maji mikononi. Mama Anto alivua kitenge cha kijani na kitambaa cha kichwa, akavikunja vizuri, akamkabidhi mjomba mfupi. Ndani alikuwa na gauni lake la kawaida la maua. Alionekana amechoka, mama wa rika langu tu.

Désiré anakuja Lubumbashi mwezi ujao, tutapiga, hilo mlijue. Wimbo ni wetu na hakuna anayebisha tena. Lakini kila siku mnaniuliza, wengine mmetumwa na Directeur Guy: na yule mama anayejibu? Kwa nini hamumleti?

Nilimwomba. Si kwa ajili ya ule ukumbi mkubwa. Jumapili ile pikipiki ilikuwa inaningoja, gitaa liko begani, nikamvuta pembeni ya nyumba. Nilimwambia nilikuja nikiwa na hasira, nikazika nikiwa na hasira, na kwamba Mama Eliza alikuwa na namna yake ya kuniita nilipopita mlangoni, na sikuwahi kumuaga. Aniite hivyo, kwa sauti ile, mara moja tu, kisha nitaenda.

Mama Anto alinigeukia. Alinishika mashavu kwa mikono yake iliyokuwa bado na maji.

"Kilio imefungwa, Béa," akasema. "Mama Eliza alikufa."

Alisema kwa sauti yake mwenyewe. Nilikaa chini pale pale penye udongo, nikalia mbele ya watu wote, na hakuna aliyenicheka.